Shemeji wa Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 2 Juni

Shemeji Isembart kapata farasi. Mweupe! Zawadi ya Mfalme wa Uingereza, eti kwa uaminifu wake. Uaminifu gani? Kamtumikia mwaka mmoja tu. Leo kavuka mto makusudi ili farasi anywe maji chini ya ukuta wa ngome yangu, kana kwamba upande wake mto umekauka. Mimi namtumikia Mfalme wa Ufaransa tangu Oktoba. Kanipa glovu. Zote mbili za mkono wa kushoto. Nimemwuliza mke wangu Hersende kama yule farasi hana matege. Kasema hana, tena shingo yake nzuri. Bila shaka. Isembart ni binamu yake.

Jumatano, 4 Juni

Nimeamua. Narudi kwa Mwingereza. Barua inasema moyoni sikuwahi kuondoka. Padri Odo, anayeniandikia, kainua kalamu akauliza hiki kitakuwa kiapo cha ngapi. Nikasema cha nne. Akasema cha sita. Nikamweleza kwamba viwili niliapa nikiwa na homa, havihesabiki. Kavuta pumzi ndefu, kaandika.

Ijumaa, 6 Juni

Ofisa wa Mwingereza kaja. Nimepiga magoti, nimeapa. Nikauliza kwa upole habari ya farasi. Kasema wameisha. Wameisha! Kaniachia bendera yenye simba. Haidhuru. Nikaipandisha mnarani kwa tarumbeta, nikakimbilia dirishani nione Isembart anavyosawijika.

Kwenye mnara wake: bendera ya Ufaransa!

Msimamizi wangu Garin kanieleza kwa sauti ya msibani. Isembart kahamia kwa Mfaransa jana, naye kampa askari mia mbili wateke ngome ya adui iliyo karibu zaidi. Iliyo karibu zaidi ni yangu. Askari mia mbili! Mimi miezi minane sikupewa hata kumi.

Jumapili, 8 Juni

Tumezingirwa. Si hilo linaloniuma. Isembart ana hema la mistari, jekundu na dhahabu. Nimemwuliza Hersende kama ni hariri. Kachungulia, kasema ni hariri. Sikuweza kula. Hata hivyo chakula chenyewe ni maharage. Wao wanachoma bata bukini, na upepo unatoka kwao.

Alasiri kasimama chini ya lango akapaza sauti: "Shemeji! Fungua, tule bata wangali moto!"

Nikamjibu kwamba rangi za hema lake zinachefua. Askari wake wakacheka. Wangu pia, nadhani.

Jumanne, 10 Juni

Msaada wa Mwingereza hauonekani. Nimepata wazo kubwa. Nimemwandikia Mfalme wa Ufaransa moja kwa moja: naikabidhi ngome leo hii, kwa yeyote ila Isembart. Hata kwa mpishi wake.

Walinzi wa Isembart wamemkamata mjumbe wangu. Barua imesomwa hemani kwa sauti kubwa. Kicheko nimekisikia mpaka ukutani. Kisha pakaletwa kifurushi langoni. Ndani, kamba ya kunyongea. Hakuna barua.

Garin kavua kofia. Hersende kaitazama kamba, kanitazama mimi, kaagiza nyumbu wake atandikwe. Nikamwambia ni hatari. Kasema, "Mume wangu, kaa ndani. Usiandike chochote."

Katoka peke yake, pinde mia mbili zikimwelekea.

Jumatano, 11 Juni

Karudi. Shingo yangu imepona. Ngome inabaki yangu, kinu na daraja ni vya Isembart, na mimi nitamwapia utii, niwe mtu wake. Wake! Nimeuliza kama hamna njia nyingine. Hersende kasema ipo, ni ile kamba.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepiga magoti hemani, viganja vyangu ndani ya viganja vya Isembart. (Ni hariri. Nimeipapasa.) Nikangoja dhihaka. Badala yake kainama, kaninong'oneza: "Fouquaud, mimi hakuna mtu angetoka vile juu ya nyumbu kwa ajili yangu. Nimekuonea wivu tangu siku ya harusi yenu."

Nikageuka. Hersende alikuwa mlangoni, vumbi mpaka magotini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimshika mkono njia nzima hadi nyumbani.

Isembart ananionea wivu! Mimi! Sijapata siku tamu kama hii. Sitaki kitu tena. Namshukuru Mungu kwa niliyo nayo.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi njema. Nimetembea bustanini na Hersende, tumecheka. Kisha kapita jirani yetu wa kusini, Baroni Ponsard, yule mwenye ngome inayovuja. Nyuma yake tausi wawili. Zawadi ya Mfalme wa Aragoni.

Tausi! Kwa Ponsard!

Garin anasema Aragoni ni safari ya siku kumi na mbili. Nimemwambia afungashe. Hersende kauliza naenda wapi. Nimesema kuhiji.