Simu ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa Tikimt

Tumehamia ghorofa ya saba. Mimi, Wubshet, mmoja wa waasisi wawili wa kampuni hii, nimepewa dawati karibu na choo. Robel, meneja wa ukuaji, aliyeajiriwa juzi juzi tu, amepewa la dirishani. Nimemuuliza kwa upole kama hakuna makosa. Akanijibu kuwa huku ndiko kwenye utulivu, Gashe Wubshet. Gashe, yaani kaka mkubwa. Ananiheshimu ili anizeeshe.

Wazo limenijia wakati wa chakula. Zamani tulikuwa mimi na Bezawit, jikoni kwa shangazi yake, sinia moja la injera, mkate wetu mlaini, katikati. Kazi yetu ni misiba. Mtu akifiwa anatupigia simu, nasi tunawatangazia wenzake wote wa chama cha kuzikana na kupeleka hema, viti na masufuria. Ndiyo maana kampuni inaitwa Dinkwan, hema. Simu ya wafiwa tuliiweka pembeni ya sinia. Mkono wa kulia ukiwa umeloa mchuzi, aliye karibu huiokota kwa wa kushoto. Tuliapa kwamba aliyefiwa haongei na mashine, na hangoji tumalize kula. Huo ndio msingi wetu. Mwingine hatukuwa nao.

Sasa masinia yamejaa ukumbi mzima. Simu iwekwe kwenye lipi? Watu wakawa wanatazamana. Nikasimama. Nikasema msingi usio na mlinzi huliwa na mchwa. Wakapiga makofi. Bezawit, ambaye siku hizi ndiye mkurugenzi, akasema haya Wube, ichukue.

Mlinzi wa Misingi! Cheo nimekitunga mwenyewe, na hakuna aliyekipinga.

Jumanne, 7 Tikimt

Mambo yananyooka. Wageni wenye mtaji sasa wanaletwa moja kwa moja kwenye sinia langu. Nawaonyesha simu. Nawasimulia habari za jikoni. Leo mmoja nilimlisha tonge kwa mkono wangu, akatokwa na machozi, ingawa huenda ilikuwa pilipili. Robel alikuwa sinia la jirani, akitafuna kwa uchungu.

Tatizo ni moja. Simu inalia. Hili nilikuwa nimelisahau.

Mzee mmoja wa mtaa wa Gulele alipiga, mkewe amefariki. Taarifa za hema alizitoa haraka. Kisha akaanza kunieleza jinsi marehemu alivyokuwa akimficha sukari kabatini kwa ajili ya afya yake, na jinsi yeye alivyokuwa akijua ilipo na kujifanya hajui. Nilisema pole. Nikasema pole tena. Jicho langu lilikuwa kwenye mchuzi wa kuku, kwenye lile yai moja la katikati. Nilipokata simu, yai lilikuwa limeshaingia kinywani mwa Robel, aliyehamia sinia langu kwa kisingizio cha kujifunza misingi.

Zamani tulikuwa tukilia nao. Sijui tuliacha lini.

Jumatano, 8 Tikimt

Siku ya mfungo, nyama hakuna, na watu wenye hamu ya nyama hupenda mikutano. Robel ameleta pendekezo. Anasema simu za misiba zimezidi, kampuni inakua, tuweke sauti ya kurekodi ipokee na kupanga. Ana michoro. Mishale yote inapanda juu.

Nilisimama nikanguruma. Nikauliza, leo mama yako akifiwa, utamwambia abonyeze moja? Dada mmoja wa hesabu alifuta macho kwa ncha ya shali. Pendekezo limekufa na kuzikwa. Robel alinipita kwenye korido akanong'ona kwamba maneno matamu hayavunji mfupa, tutaona nani atakayeshika simu hiyo kila siku.

Maneno yake yamenikaa. Maana chuo kimoja kimenialika Ijumaa nikahutubie juu ya uaminifu kwa misingi, na hotuba haiandikwi huku simu inalia. Hata usingizi sipati, nasikia mlio wake masikioni.

Nimefikiri kwa kina. Ubaya wa mashine ni nini? Ni kwamba haina mtu ndani. Je, ikiwa ndani yake kuna sauti ya mwasisi mwenyewe? Basi hiyo si mashine. Hiyo ni mimi, ila nimewahi kusema. Wafanyakazi walipoondoka nimejifungia stoo nikarekodi, nikaiunganisha na simu ya wafiwa ipokee yenyewe kabla haijalia. Sauti nzuri, nzito, yenye majonzi. Nimeirudia mpaka majonzi yakakaa sawa.

Alhamisi, 9 Tikimt

Ukimya mtupu. Nimekula kwa raha mpaka ukingo wa sinia. Robel ananitazama kama mtu aliyeibiwa na hajui nini.

Bezawit alikuja akakaa kwenye kiti cha pembeni yangu. Akauliza mbona simu imetulia. Nikamjibu kuwa msingi ukilindwa vizuri, hata kifo hushika adabu. Hakucheka. Akaniuliza kama naikumbuka simu yetu ya kwanza kabisa. Nikasema naikumbuka kama jana.

Siikumbuki. Ikabidi anisimulie, nikawa naitikia kwa kichwa. Alikuwa mama aliyefiwa na mtoto, yuko peke yake nyumbani, mvua inanyesha. Nilikaa naye kwenye simu mpaka majirani wakafika. Mchuzi ukaungua, shangazi akafoka, mimi nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Bezawit anasema siku hiyo ndipo alipojua kampuni itasimama. Ulikuwa na mkono mzuri wa kushoto, Wube, akasema, kisha akaenda zake.

Nimejisikia vibaya, sitaki kujidanganya. Nilifikiria kuiondoa ile sauti.

Lakini hotuba ni kesho. Nitaiondoa baada ya hotuba.

Ijumaa, 10 Tikimt

Hotuba imetikisa jengo. Simu yangu ya mfukoni niliizima, maana mtu anayezungumzia uaminifu hawezi kulia-lia mfukoni. Waliniuliza maswali, wakanipiga picha. Mkuu wa idara alisema vijana wanahitaji watu kama mimi.

Nilipoiwasha nikakuta Mama amenitafuta. Tena na tena.

Nilifika ofisini wote wamesimama. Mtambo wetu hurekodi kila simu inayopokewa. Bezawit alibonyeza, akaturuhusu tusikie.

Ni sauti yangu, ya majonzi, ikitoa pole. Kisha Mama. "Wubshet, mwanangu, afadhali ni wewe. Tirunesh ametutoka. Niko naye hapa peke yangu."

Weyzero Tirunesh, yaani Bi Tirunesh, ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Nimelala kwake utotoni zaidi kuliko kwetu.

Sauti yangu ikasema kama marehemu ni mwanamume, bonyeza moja. Mama akajibu, "Ni mwanamke, Wubshet. Ni Tirunesh. Alikubeba mgongoni." Sauti yangu ikasema kwa huduma ya hema, bonyeza mbili. Mama akauliza mbona simwiti mama, kwani nimeudhika naye? Sauti yangu ikamshukuru kwa kuichagua Dinkwan. Mama akasema basi, naona una kazi, nitangoja.

Akangoja. Tulimsikia akipumua, na kwa mbali akimwambia maiti kwamba mwanangu anakuja. Aliendelea kungoja mpaka salio likamwishia.

Nilitegemea Robel acheke. Ningemshukuru kama angecheka. Aliinamisha kichwa. Siku za mwizi ni arobaini, zangu hazikufika hata tatu. Bezawit akaiokota simu kwenye sinia langu kwa mkono wa kushoto, akaniambia itazunguka, kila sinia kwa zamu, na watakaoongezeka watafundishwa kupokea kabla ya kufundishwa kitu kingine. Akaniambia nenda kwa mama yako, Wube. Hakupandisha sauti. Bora angepandisha.

Jumamosi, 11 Tikimt

Mama hakunigombeza. Aliuliza kama nimekula.

Kwa kuwa tangazo letu halikutoka, alikuwa amekwenda kumgongea Ato, yaani Bwana, Gebreyes, mpiga tarumbeta aliyekuwa akitangaza misiba mtaani, ambaye tulimstaafisha sisi wenyewe tulipokisajili chama chao. Alfajiri nikamsikia. Nikatoka nikamfuata nyuma, koti limepinda, nimevaa viatu vya Mama. Anapiga tarumbeta, anataja jina la Tirunesh, anasimama langoni. Hasogei mpaka mtu afungue na kuitika. Huku analalamika baridi na magoti, na kuniuliza sisi wa ghorofani tunalipwa kwa kazi gani hasa. Mlango mmoja ulichelewa sana. Nikamwambia twende, hawa wamelala. Akaniambia niende mimi.

Kulipopambazuka mtaa mzima ulikuwa uani. Hema limesimama kwa mikono yao. Mama alikuwa katikati ya wanawake, wamemshika. Nililia mpaka nikaona haya. Nililia kwa ajili ya Tirunesh, na kwa ajili ya ile pumzi ya Mama kwenye simu.

Sasa nimeelewa. Kazi yetu haikuwa kutoa habari. Ilikuwa kusimama langoni mpaka mtu aitike. Hayo mengine ni mapambo. Nimeandika hapa ili nisisahau.

Jumatatu, 13 Tikimt

Sikusahau. Nimeamka na nguvu mpya.

Nimemwomba Bezawit msamaha mbele ya watu, na kwa dhati. Akanishika bega. Akasema zamu yangu ya simu ni Alhamisi, na nikiipokea vizuri ataniamini tena. Nilikaribia kulia. Kisha nikamweleza kuwa nina jambo kubwa zaidi ya zamu.

Tarumbeta. Jumamosi ile nyuma ya Ato Gebreyes sikuwa nikitembea tu, nilikuwa pia nimewasha simu mfukoni inarekodi. Nimempata vizuri, mlio, jina, hata malalamiko ya magoti, ambayo yana utu mwingi. Tutamweka kwenye kila simu ya kila mwanachama, alfajiri, mjini kote. Mzee wa watu apumzike kitandani. Kitengo kitahitaji mkuu, na nimejitolea. Robel ameipenda mno, ndipo nilipoanza kumwona ni kijana mwenye busara. Bezawit alitoka nje, nadhani ameguswa.

Robel aliuliza juu ya kule kusimama langoni mpaka mtu aitike. Nikamwambia hilo ndilo roho ya jambo lote, haliondolewi hata kwa dawa. Nimeliwekea kitufe. Mtu asipoitika upesi, kitamwitikia chenyewe.