Bunduki ya Marehemu Oldroyd

Desmond Pask alikuwa kwenye foleni ya samaki na chipsi pale Skelby, Jumamosi ya gulio, alipomsikia bibi mmoja mbele yake akilalamika kwa muuzaji kwamba panya wamehamia kwenye banda lake la kuku. Wanakula mayai, wanakula pumba, na karibuni wataanza kudai chai ya asubuhi.

"Weka sumu, Muriel," alisema muuzaji.

"Nimuue na paka wa jirani? Nataka bunduki ya upepo. Lakini nichague ipi, na mimi sijui hata risasi inatokea upande gani?"

Njaa ya Desmond ilihama tumboni ikaenda mfukoni. Ndani ya gari lake mlikuwa na bunduki mbili za upepo, sura moja kama pacha, katika mifuko miwili ya kijani. Moja ilikuwa nzima. Ya pili springi yake ilishakufa. Ilitema risasi kama mzee anavyotema kokwa ya chungwa. Desmond alionyesha kwa ile nzima, akauza ile mbovu, na huo ndio uliokuwa utaalamu wake wote. Leseni ya biashara hakuwa nayo. Tai alikuwa nayo, tena ya hariri, na watu wengi hukagua tai.

"Samahani, mama," alisema, akivua kofia. "Mungu amekukutanisha na mtu anayefaa."

Saa moja baadaye alikuwa uani kwa Bi Muriel Oldroyd, akihubiri.

"Mtutu mwembamba, mama, risasi yake huenda mbali bila kupinda. Mpana hupiga kwa uzito. Panya wa bandani yuko hatua kumi, hana pa kukimbilia. Kwa hiyo?"

"Mpana!" alisema Bi Muriel, kama mtoto aliyejibu swali darasani.

"Una akili wewe! Na usichukue ile yenye nguvu kupita kiasi, utatoboa banda na kuku ndani yake."

Alipanga makopo matano juu ya ukuta, akayaangusha yote. Bibi akapiga makofi. Alipoingia jikoni kuzima birika, mifuko ya kijani ikabadilishana nafasi.

"Pochi yangu iko stoo," alisema bibi aliporudi. "Njoo unishikie mlango, unakwama."

Ndani ya stoo, juu ya msumari, ilining'inia bunduki ya upepo ya kizamani. Kitako cha mti mweusi, bamba la shaba lenye nakshi ya mbwa na sungura, na tarehe: 1908. Desmond alisogea karibu. Aliwajua matajiri ambao wangeuza mashamba kwa kitu kama kile.

"Na hili gogo, mama?"

"La marehemu mume wangu." Bi Muriel akatoa leso. "Linakula nafasi tu. Lakini ndilo alilonishikisha mkononi siku ya mwisho."

"Tubadilishane. Yangu mpya, yako kuukuu."

"Siwezi, mwanangu. Marehemu ananitazama."

Desmond akaongeza noti. Marehemu bado anatazama. Akaongeza nyingine, hadi pochi ikabaki na picha ya mama yake tu. Hapo marehemu akaangalia pembeni.

"Basi. Ila nijaribu hiyo yako kwanza."

Desmond alitazama mfuko wenye ile mbovu. Kisha akakumbuka ile ya 1908, akakimbia garini. "Ngoja nikupe yenye darubini iliyokaa sawa!" Akamletea ile nzima. Bi Muriel aliishika kichwa chini miguu juu, akaigeuza, akafyatua. Kopo likaruka.

"Jamani, bahati!" alisema.

Muuza silaha za kale wa mji wa pili aliitazama ile bunduki kwa muda mfupi, kisha akacheka hadi akalazimika kukaa.

"Shaba ni ya kitasa cha mlango. Mtutu ni bomba la maji. Hii ni ya nne tangu Pasaka, bwana. Nyote mmekuja mkihema hivyohivyo."

Desmond aliendesha gari kurudi huku akitukana kila mzunguko wa barabara. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa stoo, akamkuta mzee mwenye miwani akipiga msasa kipande cha mti mweusi.

"Wewe nani?"

"Oldroyd."

"Wewe si umekufa?"

"Siku za gulio tu," alisema mzee kwa upole. Aliposikia sauti nje, akaokota msasa wake akainama nyuma ya magunia ya pumba.

Bi Muriel aliingia na bwana mmoja wa koti la manyoya. Alimwona Desmond, akaiona bunduki mkononi mwake, na uso wake haukutikisika.

"Huyu hapa! Bwana Pask, mtaalamu wangu. Nilimpa akaithamini. Mpwa wangu konstebo alitaka sana kuonana naye, maswali ya leseni tu, lakini nikamwambia mtu mwenyewe ana kazi nyingi."

Bwana wa koti akamgeukia. "Eti ni ya kweli?"

Desmond alifungua kinywa apige kelele. Alimtazama bibi, akatazama magunia, akafikiria konstebo. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, laini kama siagi.

"Bwana, zilitengenezwa chache mno. Hebu pitisha kidole kwenye nakshi. Na kama huitaki tafadhali nipishe, kwa sababu mimi sijalala tangu niione."

Bwana wa koti akatoa pochi papo hapo.

Bi Muriel alimsindikiza Desmond hadi getini, akampa mayai sita ndani ya karatasi.

"Una ulimi mzuri, mwanangu," alisema. "Jumamosi ijayo njoo mapema kidogo."

Desmond aliyapokea kwa mikono miwili, akasema asante.