Kuandikwa Kwangu Kuwa Kiumbe Namba Nne wa Kidimbwi

Kwako Mwalimu Mkuu,

YAHUSU: MTU MZIMA KUHESABIWA MIONGONI MWA VIUMBE WA BAHARINI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako mwenyewe, na hakuna anayekuchungulia akiwa na daftari mkononi. Mimi sina bahati hiyo. Ni mjomba wa mwanafunzi wako wa darasa la nne, yule mwenye pengo la meno mawili ya mbele, ambaye tangu mlipowapeleka ufukweni kutazama viumbe wa vidimbwi vya mwambani haitikii jina lake. Anataka aitwe Mtafiti. Kazi yangu ni fundi saa. Kwa sasa nimepumzika kidogo kwa dada yangu, mwaka wa tatu huu.

Safari yenyewe sina ugomvi nayo. Mtoto alirudi na mchanga hadi masikioni, akipiga kelele kuanzia getini mpaka jikoni: kaona kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, anatembea, kaona jongoo bahari, kaona kaa kavaa gamba la konokono marehemu! Nilifurahi naye kwa dhati. Ubaya ulianza na kazi ya nyumbani. Mwalimu wake wa sayansi aliagiza kila mtoto achague kidimbwi kimoja, akichunguze wiki nzima, aandike nani anaishi humo, anakula nini, na akiguswa anafanyaje. Bahari iko mbali na kwetu. Mpwa wangu akachagua sebule.

Kazi hiyo ilipewa kumi na tisa kwa ishirini na kubandikwa ukutani siku ya wazazi, ikasomwa na watu wazima wenye akili zao. Nainukuu bila kuongeza chumvi:

"Kiumbe namba nne: Mjomba. Makao: kochi la kijani, upande wa dirishani. Chakula: kinacholetwa na maji. Akiguswa: hujikunja. Mwendo: haujaonekana."

Sasa kinyozi wa mtaani kwetu ananiita Namba Nne. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nilichunguzwa bila ruhusa. Mwalimu aliwafundisha kuwa kiumbe aguswe kwa kidole kimoja kilicholowa maji. Vema. Lakini Mtafiti alichovya kidole chake kwenye jagi la friji na kunigusa unyayo, nami nimejilalia zangu. Nikajikunja, naye akaandika. Jamani, hata wewe Mwalimu Mkuu, pamoja na cheo chako, ungejikunja.

2. Kuhusu mwendo, huo ni uongo mtupu. Jumanne nilikwenda hadi getini kuona nani anagombana. Alhamisi nilihama kutoka upande huu wa kochi hadi upande ule kwa sababu ya jua. Mtafiti alikuwa shuleni mara zote mbili. Tangu lini mtu akahukumiwa kwa saa ambazo shahidi hayupo?

3. Ameandika kwamba mimi "hufunguka" nikisikia mfuniko wa sufuria. Nani asiyefunguka? Shemeji yangu, baba mtu, ambaye ni fundi bomba, husikia mfuniko huohuo akiwa barabarani bado, na mbio zake nimeziona kwa macho yangu. Yeye kaandikwa "samaki, huingia maji yakijaa." Dada yangu kaandikwa "kaa, ana kazi nyingi, usimkaribie." Wengine wamepewa sifa. Mimi nimepewa kochi.

4. Hili ndilo lililonichoma. Nimewekwa kundi moja na yule konokono mwenye gamba kama kofia, anayeng'ang'ania mwamba mchana kutwa. Mimi! Mtu niliyewahi kufungua saa ya mkononi na kuitandaza vipande mia juu ya leso bila kupiga chafya. Ikiwa ni lazima niwe mdudu wa baharini, basi niwe pweza, ana akili na mikono ya kutosha ufundi. Nilifikiria pia kuomba niwekwe na yule kaa anayeishi katika gamba la mwenzake, kisha nikaona mfano huo nao una walakini.

5. Mwalimu Mkuu, hapa sasa ndipo penye uzito. Kwa miaka mitatu nyumba nzima ilifunika kombe mwanaharamu apite. Nilikuwa kama pazia: lipo, halisemwi. Yule binti anayekufundishia sayansi akawafundisha watoto kufunua mawe na kutazama chini yake. Shemeji alirudi siku ile ya wazazi, akanitazama kuanzia nywele hadi unyayo, akaingia ndani, akatoka na futi kamba. Akapima kochi. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwamba mwisho wa wiki hii nihamie kwa rafiki yangu yeyote. Nilimjibu kwamba methali inataja siku ya tatu, haisemi lolote kuhusu mwaka wa tatu. Hakucheka. Dada yangu aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Niliogopa, na bado naogopa, maana rafiki zangu wote nao wanaishi kwa dada zao.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, karatasi ile ibanduliwe. Pili, shule initolee barua rasmi kuthibitisha kwamba mimi ni binadamu na kwamba nina mwendo. Tatu, safari za vidimbwi zikome. Muhula ujao wapelekwe kutazama ukuta wa posta, ambao hauna tabia yoyote ya kuandika. Nne, na nasema hili kwa utulivu, shule iiombe serikali ivikaushe vidimbwi vyote na kuvimwagia zege. Shemeji yangu ana pampu. Tena ingemfanya awe na kazi mbali na nyumbani kwa miezi kadhaa.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa shule, na mlinzi wa getini, ambaye kwa jinsi nimjuavyo angefaa sana kuchunguzwa badala yangu. Binti wa sayansi naye msalimie, ila kwa mbali.

Ndimi mwenye kudhalilika,
Mjomba wa Mtafiti

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha Shemeji alipoingia na vijana wake wawili wa kazi. Amewahi siku mbili kabla. Wakashika kochi huku na huku, nami nikiwa juu yake. Mara Mtafiti akaja mbio, akasimama mbele yao na daftari lake, akasoma kwa sauti ukurasa ambao haukubandikwa ukutani, na ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuuona. Umeandikwa hivi: "Konokono wa mwambani ana mahali pake. Akitoka kula hurudi palepale. Mwalimu amesema tusimbandue kwa nguvu, akibanduliwa hapati tena pa kushika. Mjomba asibanduliwe. Nampenda."

Vijana wakaachia kochi. Dada yangu akatoka jikoni na mwiko, akasimama upande wa mtoto. Mimi nililia, Mwalimu Mkuu, sioni haya kusema. Shemeji alikuna kichwa muda mrefu, akauliza kama hiyo ni sheria ya shule au ni ya mtoto. Mtafiti akasema ni ya shule. Shemeji akauliza, mbona haina muhuri?

Basi kila nilichoandika hapo juu kifute. Karatasi ibaki ukutani, binti wa sayansi apandishwe cheo, zege tuachane nalo. Kesho asubuhi mtoto atakuletea daftari. Ukurasa huo naomba uupige muhuri wa shule, ule mkubwa, na mtoto aurudishe kabla wino haujakauka. Usamehe mwandiko, Shemeji ameketi hapa anausubiri huo muhuri, na ninaandika kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umeshika kochi.