Gitaa Jekundu la Fundi wa Mashoto

Jumatatu, 3 Machi

Uamuzi mkubwa. Nitapiga gitaa la umeme.

Sababu: mke wangu amerudi kuimba. Aliacha miaka tisa kwa ajili ya kufundisha hesabu, sasa karudi kwenye bendi ya mtaa inayoongozwa na kaka yake, yaani shemeji yangu. Jana nilikwenda ukumbini kumsikiliza. Lo! Nilisahau hata kumeza mate. Na pembeni yake pana nafasi tupu, mpiga gitaa kahama mji. Naitaka nafasi ile. Nataka kusimama karibu na mke wangu anapoimba, basi, sina lingine.

Shemeji anasema majaribio ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri. Hata anayeanza anakubalika, maana nyimbo zao zote zina mikao mitatu tu ya vidole. Tatizo ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Naye kajiandikisha. Yule mwenye harufu ya poda, anayecheka na kila mtu. Mimi sina gitaa, wala sijawahi kulishika. Hayo ni madogo.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga kibanda changu cha ushonaji mapema, nikaenda duka la vyombo vya muziki. Mwenye duka ni mama mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Kabla hajanionyesha chochote akaniambia nijifanye napiga gitaa hewani. Nikajifanya. Akaniuliza kama najua kwamba mimi ni mtu wa mashoto. Nikamwambia mkono huu umeshona suruali miaka ishirini, najua fika.

Akaleta gitaa la mkono wa kushoto. Dukani liko hilo moja tu. La kahawia, limepoa, utadhani dawati la shule. Na ukutani, juu kabisa, limetundikwa jingine: jekundu, linametameta, lina pembe mbili! La mkono wa kulia. Mama akanieleza kwa upole kwamba kwenye shingo ya gitaa kuna vijifereji sita, kila uzi na unene wake, na kwamba ukiligeuza la kulia hata vitufe vinakaa pabaya. Nichague linalokaa vizuri mapajani, akasema, si linalopendeza kwenye kioo. Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri. Maisha yote sisi wa mashoto tunapewa makombo. Kiti cha pembeni mezani. Mkasi mmoja wenye kutu. Sasa hata gitaa! Halafu, mimi si fundi? Kola ya shati ikichakaa naifumua, naigeuza, naishona upya, na mwenyewe hatambui. Gitaa litanishinda nini?

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua jekundu. Mama aliniuliza mara tatu kama nina uhakika. Mara ya tatu nilijibu kwa ukali kidogo.

Alipoingia stoo kutafuta boksi, nani anaingia? Kinyozi! Akasimama mbele ya gitaa la kahawia na jingine la bei poa, la mkono wa kulia, lililokuwa karibu nalo, anakuna kidevu. Yeye ni wa mkono wa kulia, nimeshamwona akinyoa. Hapo akili ikaniwaka. Nikamnong'oneza kwamba wajuzi wote wa mkono wa kulia hupiga la kushoto. Kazi ngumu ni kubonyeza nyuzi, kwa hiyo lazima ifanywe na mkono wenye nguvu. Akanishika bega, akanishukuru, akasema hajawahi kupata jirani kama mimi. Akaondoka na la kahawia.

Nilimwonea huruma. Kama dakika moja hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Kugeuza gitaa si sawa na kugeuza kola.

Nyuzi nimezitoa zote na kuzirudisha kinyume. Uzi mnene haukubali kuingia kwenye kijifereji chembamba. Uzi mwembamba umepotelea kwenye kijifereji kipana, unacheza humo unavyotaka. Nikatanua kwa tupa ya kucha ya mke wangu. Tupa imekwisha makali, mke wangu hajajua.

Balaa jingine: kitufe cha sauti sasa kiko juu, chini ya mkono wangu wa kupigia. Kila nikishusha mkono, kinazunguka na sauti inafifia, kama mtu anayeondoka chumbani huku bado anaongea. Na waya wa spika unanichoma kwapani. Mke wangu, aliyekuwa anasahihisha madaftari sebuleni, akauliza kama kuna panya chumba cha pili. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 10 Machi

Tangu asubuhi nasikia muziki kutoka kwa kinyozi. Muziki kweli, si kelele. Nikaenda kunyolewa, ingawa nilinyolewa Alhamisi.

Yule bwana anapiga! Mikao yote mitatu! Akanieleza mbele ya wateja kwamba ushauri wangu ni dhahabu. Mkono wake wa kulia umeshika mashine ya kunyolea miaka kumi na mbili, vidole vimekuwa koleo, vinabonyeza nyuzi bila taabu. Wa kushoto kazi yake imekuwa kushika vichwa na kuvipigapiga kwa mdundo wa redio. Akawaambia mimi ndiye mwalimu wake. Wateja watatu kwenye benchi wakanipa hongera. Nikazipokea. Ningefanyaje?

Nyumbani nilikaa na gitaa jekundu na moyo ukaniuma. Nilimwona tayari pale ukumbini, pembeni ya mke wangu, na harufu yake ya poda.

Alhamisi, 13 Machi

Kinyozi kaja kibandani na gitaa la kahawia mgongoni. Akasema amenitazama nikikata kitambaa, ameona natumia mkono wa kushoto.

"Fundi, hili ndilo lako," akaniambia. "Tubadilishane. Mimi nitazoea lolote."

Nusura nilipokee! Mkono ulikwishanyooka. Kisha nikashtuka. Siku mbili kabla ya majaribio mtu anakuja kumgawia mshindani wake silaha? Hapana. Bila shaka ameona kitu kwenye jekundu ambacho mimi bado sijakiona. Nikamjibu kwamba mimi na gitaa langu tumeshazoeana. Akaondoka anatikisa kichwa. Mtego nimeuruka.

Halafu nimepata dawa ya kitufe. Nimekishonea kivalio cha kitambaa kizito, chenye bitana na vifungo viwili. Sauti nimeiweka juu kabisa, nikafunga. Sasa hakizunguki ng'o.

Jumamosi, 15 Machi

Majaribio.

Kinyozi alianza. Safi. Mke wangu akaimba na miguu ya watu ikaanza kugonga sakafu yenyewe.

Zamu yangu. Nikapiga pigo la kwanza. Hamadi! Madirisha yakatikisika, mpiga ngoma akaziba masikio. Nikakimbilia kitufe, kivalio hakifunguki, nimekishona imara mno. Uzi mwembamba ukaruka kutoka kwenye kijifereji. Nilipoinua mkono kuudaka, waya ukachomoka kwapani. Kimya. Nikaendelea kupiga hivyo hivyo bila sauti, huku nikitabasamu, nikitumaini hawataona.

Mke wangu alijaribu kuimba. Akacheka mpaka akakaa chini.

Nafasi kapewa kinyozi. Shemeji akanishukuru kwa kujitokeza. Njiani nilikuwa nimenywea, nikamweleza mke wangu yote: nafasi tupu, kahawia, ushauri, mpaka tupa ya kucha. Akanishika mkono.

"Ungeniambia tu unataka kukaa karibu nami," akasema. "Tungekaa."

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi njema kuliko zote. Mke wangu amekata nyuzi za kivalio kwa wembe, akakaa ubavuni kwangu kwenye kochi, akabana kitufe cha sauti kwa kidole kisizunguke. Nikapiga mkao mmoja ninaouweza. Akauimbia wimbo mzima. Ili kidole kifike ilibidi anilalie begani. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa, na nilifurahi mpaka nikaona haya.

Saa nne shemeji akapita. Katika mazungumzo akasema mpiga gitaa la besi naye anahama mwisho wa mwezi.

Saa tano nilikuwa dukani. Ukutani liko besi jeusi, linang'aa kama kiatu kipya. La mkono wa kulia. Mama akasema anaweza kuniagizia la kushoto, lifike baada ya wiki mbili. Wiki mbili! Besi lina nyuzi nne tu. Kugeuza nyuzi nne ni kazi ya nusu saa.

Nimekutana na mwoka mikate mlangoni, naye analitaka lile jeusi. Ni wa mkono wa kulia. Nimemshauri aagize la kushoto. Kanishukuru sana.