Maji Magumu ya Kaisho

Kaisho,
Aprili 1953

Kwa Bwana Mpima Maji, Bukoba.

Waitu Bwana,

Shikamoo ya cheo chako naitoa. Ya mvi zangu naingoja huku. Anayeandika ni Projest katekista, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Maneno matamu ni yangu, makosa ni yake.

Mwezi uliopita ulikuja kwenye kisima chetu, ukachota maji kwa chupa, ukatia dawa, ukatikisa kama mganga. Kisha mkalimani wako akatutangazia: maji haya ni magumu, tena yana chuma. Ukapanda gari, ukaniachia moto. Nalalamika hivi:

1. Maji magumu ndiyo nini? Mimi nimevuka mto Kagera kwa kuogelea, ndama mmoja kila kwapa, na katikati nikalala chali kupumzika. Maji hayakunivunja hata ubavu.

2. Hicho chuma. Babu yangu alikuwa mhunzi. Alichimba mawe mlimani, akayachoma kwa makaa, vijana wakavukuta mivukuto siku mbili, ndipo lipatikane jembe moja. Kama chuma kilikuwa kisimani, mzee yule si angekunywa vibuyu viwili tu, akakohoa jembe?

3. Kanzu yangu nyeupe ina madoa mekundu kifuani. Miaka kumi na miwili watu wanajua ni damu ya chui niliyemnyonga kwa mikono. Wewe ukanyoosha kidole: eti ni kutu ya kisima, inaingia wakati wa kufua. Sasa jirani yangu Cassian, mwenye shati la madoa kama hayo, kila akipita anauliza, "Mzee, kwani chui alikuwa pacha?"

4. Hili ndilo lenyewe. Miaka thelathini mke wangu Kokushubira ananipikia maharage magumu, na miaka thelathini nasema mbele ya wageni kwamba ni uvivu wa kuchochea moto. Mpaka watu wa Kihanga wanajua. Siku ile akamuuliza mkalimani swali moja tu: maji magumu huchelewesha maharage? Mtu yule asiye na huruma akajibu ndiyo, ni ile chokaa iliyomo, ndiyo huganda nyeupe chunguni, ndiyo hufanya sabuni ikatae povu. Kokushubira aligeuka akaingia ndani. Alifunga mzigo, akaenda Nkwenda kwa kaka yake Kaijage. Sasa Kaijage ametuma neno: simpati mpaka nipeleke mbuzi na mtungi wa pombe ya rubisi, nikiri mbele ya ukoo wao kwamba nilimsingizia. Mimi, Ndyamukama, mnyonga chui! (Hapa Projest amecheka. Nimemwambia aandike kwamba amecheka.)

5. Basi rudi na chupa yako, utangaze maji ni laini. Kama si laini, yalainishe. Kama hayalainiki, mbuzi utoe wewe, na magoti Nkwenda ukapige wewe, kwa sababu kabla hujaja maji yetu yalikuwa mazuri tu. Uliyafanya magumu kwa kuyasema.

Na ufanye haraka. Nyumba imekuwa kimya, sina wa kumsimulia. Ng'ombe wangu hadithi zote wamekwisha kuzisikia.

Wasalimie wa kwako wote, wakubwa na wadogo. Mkalimani naye msalimie, ila kidogo.

Mzee wako anayekuheshimu kwa shida,
Ndyamukama (dole gumba langu hilo, kwa masizi)

N.B. Barua imengoja gari siku nne. Nikasema nipike maharage mwenyewe, nikuonyeshe kazi ya moto uliochochewa. Nilianza asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi. Nimemaliza kuni za wiki na jino moja. Jana mvua ikanyesha, nikakinga maji, nikapika mengine. Yameiva kabla sijamaliza kumsimulia Projest habari ya chui.

Kwa hiyo hayo ya juu yafute yote. Usilainishe kitu. Niandikie cheti kwamba hakuna maji magumu kama ya Kaisho, labda Kaijage atakubali mbuzi mdogo. Humu nimetia maharage matatu ya kisima uyapime. Angalia meno.

Kesho naenda Nkwenda, na kanzu ni hii hii. Nimekumbuka kitu, Bwana: anayeifua ni Kokushubira. Alijua ni kutu miaka yote kumi na miwili, na hakumwambia mtu.