Naomba Mumfelishe Mama Mkwe Wangu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Walimu wa Mazoezi ya Viungo,

Pokea salamu zangu, za heshima na za wasiwasi. Mimi ni mama wa yule binti mrefu anayesomea kwako. Shule sikufika mbali, kwa hiyo nikikosea adabu nisamehe.

Mmewafundisha wanafunzi wenu kupima wazee kama miguu bado imara, wasije wakaanguka. Jambo zuri. Binti akaja kujifunzia kwa bibi yake, yaani mama mkwe wangu. Akamsimamisha kwa mguu mmoja, akamtembeza kisigino kikigusa vidole, akamwinua kitini bila kushika kitu. Halafu akamwambia, "Bibi, umefaulu."

Hapo ndipo mliponiharibia nyumba. Malalamiko yangu:

1. Zamani nikimwambia, mama kaa, utaanguka, alikuwa anakaa. Sasa ananiuliza yeye kapimwa na mtaalamu, mimi nimepimwa na nani?

2. Anamenya viazi kwa mguu mmoja. Kwenye foleni ya zahanati alisimama hivyo hivyo, wagonjwa wakampisha wakidhani mguu wa pili unauma. Akapita, wala hakuona haya.

3. Juzi nimemkuta juu ya kiti, kiti kiko juu ya meza, anatoa utando wa buibui. Nikakimbilia kuishika meza. Akaniambia niache kutetemeka, naitikisa meza.

4. Wazee wa mtaani wanakuja uani kushindana naye. Fundi cherehani mstaafu alijishikiza kwenye kamba yangu ya nguo, akashuka nayo pamoja na mashuka.

5. Nilimwomba binti ampime upya amfelishe. Akasema kazi yao hairuhusu uongo. Kisha akanipima mimi. Hilo tuliache.

Kwa hiyo naomba uje mwenyewe, umevaa koti jeupe, umpime, utikise kichwa, useme amefeli. Kufeli kidogo tu, kiasi cha kukaa. Tangu mume wangu afariki, ni yeye peke yake anayeniita mwanangu. Akivunjika yule, nitaitwa hivyo na nani?

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na wa nyumbani kwako.

Mimi mwenye hofu,
Mama wa Binti Mrefu

N.B. Nilipokuwa nashuka ngazi kuileta barua hii niliteleza. Mama mkwe alinidaka kwa mkono mmoja, wala hakuyumba. Amenikalisha, ameninyima ruhusa ya kuinuka, na barua anakuletea yeye. Tafadhali msimfelishe mpaka kifundo changu cha mguu kipone.