Mtaalamu wa Betri za Ndege

Mwaka wa tisini na nane, mtu wa Thika akipata safari ya Amerika hakuwa na sababu ya kunong'ona. Bedan alitangaza yake ndani ya hoteli moja ya chai karibu na steji ya matatu, kwa sauti ya kufika jikoni, kamera ya video ameiweka mezani kando ya mandazi.

"Alhamisi niko angani," alimwambia mhudumu. "Tajiri mmoja wa mtaa wa Kahawa Sukari ana harusi ya msichana wake huko Dallas, na amekataa wapiga picha wote wa huko. Amesema ni Bedan wa Thika au hakuna video. Ona hizi betri za spea. Lithium! Nairobi nzima utazunguka viatu viishe kabla upate moja."

Meza ya nyuma, Urbanus aliacha kutafuna.

Nimtambulishe kwa heshima zake zote. Urbanus alikuwa mwanamume wa suti moja ya kijivu na rundo kubwa la funguo, ingawa chumba chake cha Kiuu, kule Ruiru, kilikuwa na kofuli moja tu. Hizo nyingine alikuwa ameokota. Alikuwa akisema mtu mwenye funguo nyingi haulizwi maswali, na kwa aibu yetu sote lazima nikiri kwamba hatukuwahi kumwuliza hata moja.

Siku hizo alikuwa na shida. Alikuwa amenunua kamera ya video kwa jamaa fulani Ruiru, kwa bei ya kutupa, akicheka kimoyomoyo kwamba amemwibia mtu mchana kweupe. Alipofika nyumbani ndipo akagundua haina betri. Mtu mwingine angejificha. Urbanus alienda akachukua kazi: harusi ya Maggie, binti wa Mzee Githae wa bucha ya Witeithie, Jumamosi hiyo hiyo. Githae alitoa advansi, Urbanus akaila yote. Githae alikuwa mpole, ila alipenda kuongea huku ananoa kisu, na neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Jumamosi wageni wangu wasipochukuliwa video, mimi na wewe tutajuana."

Na sasa hii hapa, kamera ya aina ile ile, na betri za aina ile ile. Urbanus aliona Mungu bado anamkumbuka.

"Niaje, bosi," alisema, akivuta kiti bila kualikwa. "Samahani kuingilia. Hizo spea zimefungwa kisheria?"

"Sheria gani?" Bedan akauliza.

Urbanus alishusha pumzi kwa huruma. "Bro, unataka kuangusha ndege na watu wote ndani? Hii si betri ya tochi. Lithium iko na hasira. Spea haiwekwi kwa sanduku la chini kabisa. Unakaa nayo mwenyewe, kwa begi ya mkono, na kila moja imezibwa mdomo na tepu. Ikigusana na chuma kidogo tu, hata funguo kama hizi," akazitikisa, "inawaka moto. Na huko juu utamwita nani? Mimi niko uwanja wa ndege, Embakasi, kitengo cha betri. Nimeona mambo."

Hakukuwa na kitengo cha betri. Urbanus aliwahi kufagia stoo ya mizigo kule Embakasi mpaka akafutwa, na haya yote aliyatunga pale pale kati ya chai na ndazi. Leo ukipanda ndege utaambiwa karibu maneno hayo hayo, tena bure, na watu waliosomea. Lakini siku hiyo yeye mwenyewe hakuamini hata neno moja. Bedan aliamini yote. Sisi watu wa Thika ukituambia kuna sheria mpya hatuulizi imetungwa na nani, tunauliza inalipwa wapi.

Alhamisi mchana Urbanus alifika studio ya Bedan na tepu nyeusi, na muhuri wa shule ya nasari ambao pia alikuwa ameokota. Aliomba ada ndogo, maana kitu cha bure watu hukishuku. Akajifungia chumba cha giza cha kusafishia picha, akisema gesi ya lithium si nzuri kwa watu wenye familia. Huko ndani alitia betri mfukoni mwa suruali, akafunga vipande vya sabuni alivyokuwa amevikata kwa kipimo, akapiga muhuri na kutoka akijifuta jasho.

"Usifungue mpaka Dallas," alimwonya Bedan. "Ukifungua hapa, muhuri umekufa."

Idah, mama yake Bedan, aliichukua ile pakiti akaitia kwa mkoba wake. Alikuwa mama mnene wa sauti ya chini, na kwaya nzima ya kanisa lao ilimwogopa.

"Na wakimwuliza maswali huko?" alisema. "Huyu wangu akiona mtu wa yunifomu anasahau hata jina la baba yake."

"Hawatauliza, mama," Urbanus alisema.

"Wewe si ni wa huko? Utatusindikiza. Lori ndiyo hiyo inanguruma."

"Mama Bedan, kusema kweli niko na mkutano Ruiru..."

"Kijana, umekula pesa yetu. Panda lori. Ama nifungue hii pakiti kwanza nione umefunga vipi?"

Urbanus alipanda lori.

Siku hizo mtu mmoja akiruka, ukoo mzima uliteremka Embakasi. Lori la kubeba mawe ya Ndarugo lilioshwa, likajazwa mashangazi, kwaya, pasta na chapati za ndoo nzima. Urbanus aliketi katikati akipanga namna ya kupotelea msalani wakifika. Hakujua watu hawa. Walipofika tu walishikana mikono wakafanya duara, Idah akamkamata mkono wa kulia, shangazi mmoja wa kushoto, na Pasta akafumba macho. Mbele ya sala ndefu hakuna mjanja.

Pasta alianza na uumbaji. Alipofika kwa Nuhu, Urbanus alihisi joto kidogo pajani, joto la kupendeza tu. Kwa Ibrahimu joto likaacha kupendeza. Ile funguo ya kofuli, au mojawapo ya ndugu zake wa kuokotwa, ilikuwa imeingia kwenye vyuma vya betri, na lithium ilikuwa imeanza kuonyesha hasira aliyoitangaza mwenyewe.

"Amina!" Urbanus alipiga kelele, akitumaini sala itaisha.

Pasta alifurahi kupata mtu wa kumwitikia, akaongeza manabii.

"Amina, Pasta! Amina, imetosha!"

Alianza kurukaruka. Kwaya nayo ikaanza kupiga makofi. Alivuta mkono, Idah akaukaza. "Wacha Roho afanye kazi, kijana! Usimpinge!"

"Si Roho, mama! Woi, si Roho!"

"Haiya," shangazi wa kushoto alisema, akinusa. "Mbona huyu Roho anatoa moshi wa plastiki?"

Hapo Urbanus alijinasua, akafungua mshipi na kuvua suruali mbele ya ukoo, mbele ya watalii, mbele ya rubani aliyekuwa anapita na mkoba wake. Suruali ilianguka ikitoa moshi. Funguo zikatawanyika. Betri moja ilikuwa imefura na inafoka, na kando yake zikabiringika nyingine mbili nzima, zote na alama ya rangi ya kucha ambayo Bedan alikuwa akiweka kwa kila chombo chake.

Idah alitoa ile pakiti, akairarua kwa meno, akanusa.

"Sabuni," alisema. "Tena ile ya bei ya chini."

Vijana wa kwaya walianza kukunja mikono ya mashati. Idah akawazuia. "Mwacheni. Mtampiga wapi ambapo hajajichoma mwenyewe?" Akachukua tena ile ada kwenye koti la Urbanus, akafungua leso kiunoni mwake na kumrushia ajifunge.

Bedan hakuwa na muda wa kukasirika, abiria walikuwa wanaitwa kuingia. Aliokota betri mbili nzima, akaomba tepu, akaziba kila moja mdomo wake na kuziweka kwa begi ya mkono, hasa vile alivyofundishwa. "Asante, mwalimu," alimwambia Urbanus, na sidhani alikuwa anamdhihaki. Kisha akaenda zake Amerika.

Ijumaa Urbanus alifikiria kutoroka. Alifikiria Machakos, akafikiria Mombasa, lakini paja lilikuwa limevimba na hangefika hata steji ya Kiuu bila kulia. Mwishowe jirani mwenye pikapu alimpeleka Witeithie. Kwa kukosa la kufanya alimweleza Githae ukweli, wote, tangu kamera mpaka leso. Ilikuwa mara yake ya kwanza na aliifanya vibaya, anarudiarudia.

"Betri ishike moto mfukoni?" Githae alisema, kisu kikipanda na kushuka. "Urbanus, mimi nimezaliwa jana?"

Urbanus alipandisha kaptura. Githae aliinama akachunguza kwa jicho la kazi yake.

"Imeiva upande mmoja," alisema. Alinoa kidogo. "Kamera iko?"

"Iko, mzee, lakini imekufa."

"Sijauliza kama inapumua. Nimeuliza kama iko."

Basi Jumamosi tulimkuta Urbanus uwanjani kwa Githae, kamera begani, akichechemea juani. Hatukujua lolote. Tulirekebisha tai. Mashangazi waliingia wakicheza, wakaambiwa mpiga video hakuwa tayari, wakatoka na kuingia upya. Keki ilikatwa mara tatu. Mimi mwenyewe nilicheka mbele ya ile kamera, nikaona sikucheka vizuri, nikarudia. Githae alikuwa akipita nyuma yake na kumnong'oneza, "Inama. Chukua ya viatu." Urbanus aliinama, machozi yakamtoka, na sisi tukasema huyu jamaa anapenda kazi yake.

Baada ya chakula Githae alishika maikrofoni. "Wageni wangu, wanaotaka kanda ya video wamwone Mama Maggie pale. Nusu sasa, nusu ikitoka."

Tulipanga laini mpaka nje ya geti, tukisukumana.

Urbanus aliutazama ule mstari kupitia kioo cha kamera iliyokufa. Miaka yote ya kuhangaika hakuwahi kuona watu wengi hivyo wakibembeleza kuibiwa, na senti moja haikuwa yake. Alichechemea mpaka kwa Githae.

"Mzee, na hizo kanda zitatoka wapi?"

"Kanda gani? Ziliungua," Githae alisema polepole, akiwapungia wageni mkono. "Betri ilishika moto. Wewe si ndiye shahidi, na ushahidi uko pajani?"

"Na watu wakikasirika?"

"Watakutafuta. Mimi ni mtu wa nyama, najua nini kuhusu betri?" Akamgeuza kwa bega, taratibu, akimwelekeza upande wa hema. "Haya, chukua meza ya wakwe. Wamekungoja sana."